Hodi ya Tatu

Hodi ya kwanza niliipiga Jumatatu,
kwa barua pepe yenye adabu, na mikato mahali pake:
Kwa Mkurugenzi wa Zahanati. Mlango wenu wa nyuma u wazi.
Nywila yenu ni jina la zahanati na mwaka huu.
Nikatia sahihi: Rading', fundi simu, Kondele,
kibanda cha buluu, mkabala na muuza matairi.
Kimya.

Hodi ya pili nilikwenda kwa miguu.
Karani akaniuliza kadi ya bima.
Nikamwambia, mimi siumwi, mnaoumwa ni nyinyi.
Karani akacheka.
Mlinzi hakucheka.

Hodi ya tatu nilipiga simu.
Nikapigiwa kinanda cha kusubiri
mpaka salio likakata roho.

Mama alitufunza: hodi ni tatu.
Usipoitikiwa, geuza nyayo,
hata kama moshi unafuka jikoni,
hata kama umesikia mtu akikohoa ndani.
Hakusema tufanyeje nyumba ikiungua.

Je, ilikuwa inaungua?
Hapo ulimi wangu hukwama.
Nilitaka iwe inaungua.
Nisikudanganye, kuna utamu
kufuli linapolegea mkononi mwako saa nane za usiku,
mvua ya ziwani imetoka kupita,
umeme umerudi, na mji mzima umelala
isipokuwa wewe na vyura.

Sikuiba. Andika hilo.
Kuna kijana wa Nyalenda, Ochung', aliyeniambia
wenye mikopo ya simu hununua orodha kama zile,
jina kwa shilingi, kama karanga.
Sikumuuzia hata ganda.
Nilifunga mlango kwa ndani, nikabadili nywila,
na ufunguo mpya nikauandika kwenye karatasi,
nikautia katika bahasha chini ya mlango wa karani.
Mwezi uliofuata walileta kampuni kutoka Nairobi,
ikalipwa kwa kuuziba mwanya niliouziba.
Nilicheka peke yangu mpaka muuza matairi akaniuliza kulikoni.

Lakini huwezi kufunga mlango wa ndani
bila kupita chumbani,
na chumbani watu walikuwa wamelala:
majina, tarehe, dawa, vipimo.
Macho hayana pazia, wahenga walinena,
nami nashuku aliyenena kwanza
alikuwa amekamatwa akichungulia.
Nililiona jina la Min Hawi.
Jirani yangu. Ukuta wetu ni mmoja, wa mabati.
Nilichosoma sisemi.
Hata hapa, katika shairi langu mwenyewe,
mlango huo naufunga.

Sheria ina neno moja kwangu na kwa mwizi:
kuingia bila idhini.
Neno hilo lilinichoma kwa muda mrefu.
Yaani mimi na Ochung' ni kapu moja?
Nikajitetea kwa ukuta, kwa sufuria, kwa mto wa kulalia.
Sasa najiuliza swali jingine:
idhini ya nani?
Hodi zangu zote tatu, na ile hasira yote,
nilizipeleka kwa mkurugenzi,
kana kwamba maradhi yalikuwa yake.
Kwa Min Hawi sikubisha hata mara moja.

Jumamosi nilimkuta Kibuye na omena zake.
Akajaza gorogoro, akaongeza konzi,
akaongeza nyingine, vidole vikimeta magamba.
"Mbona waniangalia kama mtu aliyefiwa?"
Nikasema ni jua.
Akanitazama kidogo, kisha akafunga mfuko
fundo mbili, za kukaza.
"Karibu tena, jirani," akasema,
na mimi nikasimama pale,
wateja wakinisukuma,
nikilitafuta jibu la karibu
ambayo sikuwa nimeipigia hodi.